Hakuna Mbegu Moja Itakayoiokoa Pwani

Kuna imani iliyoota mizizi katika ofisi za kilimo, katika semina za wilaya, kwenye mabanda ya Nanenane pale Morogoro, hata kwenye vijiwe vya kahawa mjini Bagamoyo. Inasema hivi: pwani ni maskini kwa sababu mkulima wake ameng'ang'ania mbegu za babu. Minazi yake mirefu inachelewa kuzaa. Muhogo wake ni mchanganyiko usiojulikana kichwa wala miguu. Mwani wake umechoka. Dawa ni kutafuta mbegu moja iliyo bora, kuizalisha kwa wingi, kuigawa kila kijiji kuanzia Bunju hadi Saadani, na nyingine zitupwe. Ukitaja bioanuai unajibiwa kwamba hayo ni mambo ya tembo na watalii, yaachwe huko hifadhini.

Naipinga imani hiyo. Siipingi kwa mapenzi ya mambo ya kale, wala sina ugomvi na watafiti wa mbegu, ambao wengi wao wanayajua nitakayoyasema kuliko mimi. Naipinga kwa sababu imekwisha kujaribiwa hapa hapa pwani, kwa fedha nyingi na kwa miongo kadhaa, na majibu yako hadharani. Ajabu ni kwamba tumeyapata majibu, tukaendelea kuuliza swali lile lile.

Tuanze na mnazi. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo leo, akipita Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, huona viwanja vingi kuliko minazi. Mingine ilikatwa na walionunua viwanja. Lakini mamilioni ya minazi ya pwani ya Tanzania Bara iliyotoweka katika karne iliyopita haikufa kwa shoka. Iliuawa na ugonjwa uliojulikana huku tangu enzi ya Mjerumani. Nazi changa hupukutika, mashada ya maua huwa meusi, makuti hugeuka manjano na kukauka, kisha kilele chote huanguka na kubaki nguzo tupu. Kinachousababisha ni fitoplazma, kijidudu kidogo kuliko bakteria wa kawaida kinachoishi ndani ya mishipa inayosafirisha sukari ya mmea. Hata jina la kisayansi lililopendekezwa kwa kijidudu hicho limebeba jina la Tanzania, heshima ambayo hakuna mtu angeiomba.

Mwaka 1979 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, kwa msaada wa Ujerumani na Benki ya Dunia. Makao yake yakawa Mikocheni, na Bagamoyo ikapata kituo chake cha majaribio pale Chambezi. Wakati huo macho ya dunia ya minazi yalikuwa Jamaika. Kisiwa hicho kilikuwa kimepigwa na ugonjwa wa jamii hiyo hiyo, kikajiokoa kwa kupanda mnazi mfupi wa Malaya, na kuanzia 1974 kwa chotara lake lililoitwa Maypan. Ilikuwa hadithi tamu: mbegu imepatikana, ugonjwa umeshindwa, wakulima wamerudi mashambani. Nani angekataa kuiga? Minazi mifupi na machotara yakaletwa Tanzania kutoka nje, yakapandwa, yakapimwa.

Yakafa. Matokeo ya majaribio hayo yalichapishwa mwaka 1992, na hitimisho lake halikuwa na kona: mbegu zilizoagizwa nje zilikuwa na ukinzani mdogo dhidi ya ugonjwa wa huku. Iliyoonyesha nafuu, na hata hiyo haikuwa kinga kamili, ni baadhi ya minazi mirefu ya Afrika Mashariki, ile ile iliyodharauliwa kwamba inachelewa. Si yote. Minazi mirefu ya eneo moja ilikufa kwa kasi, ya eneo jingine ikasimama zaidi, ingawa kwa macho ya mpita njia ni mnazi ule ule.

Hapo ndipo penye somo ambalo imani ya mbegu moja hailitaki. Mnazi mfupi, ule ambao Wapemba na Waunguja wanauita kitamli, kwa kawaida hujichavusha wenyewe. Maua yake ya kiume na ya kike hukomaa karibu wakati mmoja, kwa hiyo mtoto hurithi kwa baba na mama ambao ni mti mmoja. Vizazi vikipita, shamba zima la minazi mifupi huwa karibu sawa kabisa kwa vinasaba. Mnazi mrefu hufanya kinyume: maua ya kiume humalizika kabla ya yale ya kike kukomaa, kwa hiyo hulazimika kuchavushwa na jirani. Kila nazi inayoanguka chini yake ina mchanganyiko mpya. Mkulima huona kero, maana hajui mche wake utazaa vipi. Lakini ugonjwa ukiingia katika shamba kama hilo, haukuti mlango mmoja wenye kufuli moja. Baadhi ya miti hufa, baadhi husimama, na iliyosimama ndiyo inayoangusha nazi za kizazi kijacho. Kizazi hicho kitakuwa na wavumilivu wengi zaidi kuliko kilichopita. Hivyo ndivyo viumbe wanavyokwenda na dunia inayobadilika, na hakuna njia nyingine: pasipo tofauti hakuna cha kuchaguliwa.

Na Jamaika? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ugonjwa ulirudi ukaanza kuufyeka huo huo mnazi wa Malaya na hilo hilo chotara la Maypan. Wanasayansi bado wanajadiliana ilikuwaje. Mkulima wa huko hahitaji kungoja mjadala uishe. Alipanda mbegu moja iliyosifiwa, akapoteza shamba lote kwa mkupuo.

Watetezi wa mbegu moja watasema mnazi ni zao la zamani, teknolojia imesonga mbele. Basi twende baharini, kwenye zao ambalo halina historia ya babu wala bibi.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kikaenea Bara: Tanga, Bagamoyo, Mafia, Lindi, Mtwara. Katika wilaya ya Bagamoyo vijiji kama Mlingotini na Pande vikakipokea, na wengi waliokishika ni wanawake, ambao kwa mara ya kwanza walipata fedha ya mkononi kutoka baharini bila kuwa na ngalawa wala wavu. Aina zilikuwa mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo iliyotakiwa zaidi na wanunuzi, kwa sababu utomvu wake, karajinani, hugandisha vizuri maziwa, dawa ya meno, nyama za kopo. Bei yake imekuwa juu sana kuliko ya spinosamu.

Sasa tazama namna mwani unavyopandwa. Mkulima hapandi punje. Anakata kitawi, anakifunga kwa taitai kwenye kamba, kamba anaifunga kwenye vigingi viwili ndani ya maji, na baada ya wiki sita hivi anavuna na kubakiza vitawi vya kufunga tena. Kitawi kile si mtoto wa mwani wa jana. Ni mwani wa jana wenyewe, umekatwa ukaendelea kukua. Fanya hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini, kutoka Ufilipino hadi Paje, kutoka Paje hadi Mlingotini, na bado unacho kiumbe kilekile, kikubwa ajabu, kilichotawanywa katika maelfu ya kamba. Watafiti waliopima vinasaba vya mwani wa mashambani Zanzibar walichapisha mwaka 2013 waliyoyakuta: tofauti ndogo mno, na asili ya mwani huo ni Asia. Mwani wa porini wa Afrika Mashariki, wa jamii hiyo hiyo, una vinasaba vyake tofauti. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine ukaonyesha kwamba mwani wa kigeni umetoroka mashambani na kuota katika makazi ya mwani wa asili.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa. Maji ya kina kifupi yakipata joto kupita kiasi, au mvua za masika zikiteremsha maji mengi ya mto na kupunguza chumvi, matawi hupauka, hulainika, hukatika na kusombwa. Bakteria huingia palipolegea, na vinyweleo vya magugu ya baharini hujishikiza juu yake. Sehemu nyingi zimeiacha kotonii zikabaki na spinosamu, ngumu zaidi lakini ya bei ndogo. Kwa mama wa Mlingotini hiyo ni ada ya shule iliyokatwa nusu.

Maelezo yanayotolewa kila mara ni mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli, bahari imepata joto. Lakini maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyofichwa ndiyo inayotuhusu. Joto huua kundi zima pale ambapo kundi zima lina udhaifu uleule. Lingekuwa kundi lenye tofauti, joto lile lingekuwa pigo, si hukumu ya kifo: baadhi ya mimea ingekufa, mingine ingedumaa, michache ingestahimili, na mkulima angefunga kamba zake kwa hiyo michache. Tulimpa mama mmea mmoja, tukamwambia apambane na bahari inayobadilika. Timu yenye makipa kumi na mmoja haifungwi kwa sababu uwanja umelowa.

Wapo waliotafuta njia. Dkt. Flower Msuya, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, ametumia miaka mingi na wakulima wa mwani, na miongoni mwa waliojaribu kamba zinazoelea kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto halipandi sana, walikuwa wakulima wa hapa Bagamoyo. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo maji ya kina yanadai mtumbwi, yanadai kuogelea, na wanawake wengi waliokimbilia mwani walikimbilia kwa sababu haukudai hayo. Zaidi ya hapo, mbinu hiyo inauhamisha mmea, haiubadilishi. Bahari ikizidi kupata joto, kina nacho kitafikiwa.

Jibu linalopendwa na wengi ni kuagiza mbegu mpya Ufilipino, au kuzalisha miche safi kwenye maabara ya tishu. Maabara ya tishu ina faida yake: husafisha mmea magonjwa na kuuzalisha haraka. Lakini ukiingiza kitawi cha mwani ule ule mmoja, utatoka na vitawi elfu vya mwani ule ule mmoja, safi na vyenye afya, vikingoja msimu wa joto. Na kuagiza tena bila karantini ni kuagiza pia wadudu na magonjwa ya huko, juu ya wale tulionao.

Kinachosahaulika ni kwamba mwani ulikuwapo pwani hii kabla ya 1989. Ulivunwa porini, kwenye miamba, ukauzwa nje ya nchi kwa miaka mingi. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiuchunguza tangu miaka ya 1970. Mwani huo wa porini, tofauti na wa kambani, bado unazaa: una dume na jike, unatoa spora, unachanganya vinasaba. Umekaa katika bahari hii muda mrefu kuliko mji wa Kaole. Huenda hauna karajinani nyingi kama kotonii, huenda unakua taratibu; mwingine utafaa, mwingine hautafaa. Lakini ndimo ilimo akiba ya uvumilivu tunayoitafuta ng'ambo, na kila mwaka tunaoupoteza, mwani uliotoroka mashambani unazidi kuchukua nafasi yake.

Sasa niikabili hoja yao iliyo nzito, maana ipo. Watasema: mbona muhogo? Muhogo wa pwani ulikuwa ukiangamia kwa batobato na kwa michirizi ya kahawia. Batobato hukunja majani, mtu anaiona. Michirizi ya kahawia ni mnafiki: shamba linapendeza, mkulima anangoja, siku ya kung'oa anakuta mizizi imeoza ndani kama gome la kizibo. Ikaja Kiroba, ikasambazwa Bagamoyo, Mkuranga na kwingineko, watu wakala, wakauza. Je, hiyo si mbegu moja bora iliyookoa pwani?

Nakubali kwamba Kiroba imesaidia, na mkulima aliyeipanda hakukosea. Lakini ulizeni ilitoka wapi. Kiroba ni muhogo wa kienyeji wa wakulima wa pwani. Ilikuwa katika huo huo mchanganyiko usiojulikana kichwa wala miguu, ikikaa bega kwa bega na Kibandameno, Kigoma Mafia na nyingine nyingi, baadhi tamu za kuchemsha, baadhi chungu za makopa ambazo nguruwe mwitu hawazigusi. Mtafiti hakuiumba, aliitambua. Kama amri ya kung'oa mbegu za kienyeji ingetolewa na kutekelezwa miaka hamsini iliyopita, Kiroba isingekuwapo ya kutambuliwa.

Na historia inarudi nyuma zaidi, hadi milima ya Usambara. Batobato ya muhogo ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi hii. Michirizi ya kahawia iliripotiwa na H. H. Storey mwaka 1936, akiwa Amani, Tanga. Storey na wenzake walitafuta ukinzani katika muhogo wa kawaida, hawakuridhika, wakafanya jambo ambalo mwenye imani ya mbegu moja angeliita upuuzi: wakauchanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceara, ndugu yake wa mbali ambaye mizizi yake hailiki. Vizazi vya kwanza vilikuwa vibaya. Wakavirudisha kwa muhogo tena na tena, miaka ikapita, hadi wakapata mimea yenye mizizi ya kulika na damu ya mpira ndani yake. Mradi ulifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini uzao wake haukufa. Mmoja ulipelekwa Nigeria, ukawa msingi wa muhogo wenye kustahimili batobato uliozalishwa Ibadan na kusambazwa Afrika nzima. Pale batobato kali ilipoifyeka Uganda miaka ya 1990, mbegu zilizotoka katika ukoo huo zilikuwa miongoni mwa zilizowarudisha watu mashambani. Mwingine ulibaki kwa wakulima wa kusini mwa Tanzania, ukaitwa Namikonga. Pwani ya Kenya wanao huo huo kwa jina la Kaleso. Mwaka 2016 uchambuzi wa vinasaba ulionyesha vipande vya mti wa mpira bado vimo ndani ya Namikonga. Hadi leo watafiti wa michirizi ya kahawia huiendea Namikonga wanapotafuta ukinzani.

Hata miwa inayolimwa sasa Makurunge, kilomita chache kutoka mjini Bagamoyo, ni ya ukoo wa namna hiyo. Miwa ya kisasa duniani ina damu ya miwa mwitu, nyasi nyembamba isiyo na sukari ya maana, iliyochanganywa Java baada ya ugonjwa kuishambulia miwa mitamu iliyokuwa ikilimwa huko.

Kwa hiyo mfano wanaoutoa unawageukia. Kila mbegu bora tuliyonayo ilichotwa katika wingi wa mbegu zisizo na sifa. Kutumia matunda ya wingi huo kama sababu ya kuufuta ni hoja isiyosimama.

Tena kuna hatari ambayo wasifiaji wa Kiroba huinyamazia. Adui naye hubadilika. Michirizi ya kahawia inasababishwa na virusi vya aina mbili, si moja, na vyote vinaendelea kubadilika ndani ya mimea tunayoipanda. Ukijaza wilaya nzima muhogo wa aina moja, unamwandalia adui mtihani mmoja, na akiufaulu katika shamba moja amefaulu katika yote. Ndizi zinatufundisha. Ndizi za kuuza nje duniani ni karibu zote Cavendish, mmea mmoja unaokatwa machipukizi. Ugonjwa mpya wa mnyauko wa Panama unaozikamata ulithibitishwa mwaka 2013 kaskazini mwa Msumbiji, nchi tunayopakana nayo kwa mto Ruvuma. Ukifika huku, wenye nafuu watakuwa wale wenye mgomba wa kila namna uani.

Hoja nyingine wanayoipenda ni ya benki ya mbegu. Tusibebe mzigo wa aina za kienyeji mashambani, wanasema. Tuziweke kwenye majokofu Arusha, au kule Svalbard, Norway, ambako ghala la mbegu la dunia lilifunguliwa mwaka 2008, halafu mashamba yabaki na mbegu moja. Kwa mtama na mahindi hoja hii ina uzito. Kwa pwani haina. Nazi haikaushwi ikagandishwa, ukiikausha inakufa. Haina benki isipokuwa mnazi uliosimama ardhini. Muhogo huhifadhiwa kama mmea, kwa pingili shambani au kwa chupa za maabara zinazohudumiwa mwaka hadi mwaka, na umeme ukikatika au bajeti ikikatika, akiba imekwenda. Mwani nao ni hivyo hivyo. Mazao makuu ya pwani yetu hayana jokofu. Yana watu.

Lipo pia suala la sheria, nilitaje kwa ufupi. Chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003, mbegu inayothibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, lazima iwe inayojitofautisha na nyingine, inayofanana yenyewe kwa yenyewe, na isiyobadilika. Vigezo hivyo vimemlinda mkulima wa mahindi dhidi ya matapeli, siwezi kuvibeza. Lakini mnazi mrefu kwa maumbile yake hautavifikia kamwe: nguvu yake ni huko kutofanana. Mfumo unaolipa kufanana tu hauwezi kuutengea bajeti, na kisicho na bajeti huambiwa kimepitwa na wakati.

Nataka nieleweke hapa, maana wapo watakaoyageuza maneno haya kuwa wimbo wa "chetu ni bora". Sisemi hivyo. Muhogo ulitoka Brazili na Wareno. Na mnazi wetu mrefu tunaouita wa kienyeji una asili mbili: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia imegawanyika katika makundi mawili makubwa, la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, na kwamba katika pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska makundi hayo yamechanganyika, kwa kazi ya mabaharia waliovuka bahari na nazi zao karne nyingi kabla ya Bagamoyo kuwa mji. Mnazi tunaojivunia ni chotara wa majahazi. Basi mgeni na aje. Alete vinasaba vyake viongezwe katika hivi tulivyo navyo. Ninachokataa ni mgeni kupewa nyumba yote na wenyeji kutupwa nje.

Hata mikoko yetu inaonja ugonjwa huu wa fikra. Fukwe za Bagamoyo na delta ya Ruvu zina mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, msinzi, mkomafi na wenzao, kila mmoja na nafasi yake katika tope na chumvi. Zikija kampeni za kupanda, mara nyingi hupandwa mkoko mtupu, kwa kuwa mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka, na picha hutoka vizuri. Mahali pa mlilana ukichomeka mkoko, wimbi litakuonyesha.

Kinachotakiwa si cha ajabu wala si cha gharama za kutisha. Halmashauri ya Bagamoyo inaweza kuorodhesha minazi mirefu iliyobaki Kaole, Mlingotini, Winde na kwingineko, hasa ile iliyosimama katikati ya iliyokufa, na kuzipa nazi zake kipaumbele katika vitalu kabla ya miche ya kununuliwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha, chenye dhamana ya muhogo, kipewe fedha za kuzunguka vijijini kukusanya aina za wakulima, si kuwapelekea tu. Mpango wowote wa mbegu uwape wakulima aina nne au tano kwa pamoja, na uwasifu wanaozichanganya badala ya kuwaita wakaidi. Na kwa mwani, fedha zinazotengwa kuagiza mbegu zianze kulipia kitalu cha mwani wa porini wa Afrika Mashariki, upimwe joto, upimwe karajinani, uzalishwe kwa spora na si kwa kukatwa tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Bioanuai mwaka 1996, na malengo yaliyopitishwa Montreal mwaka 2022 yanataja waziwazi kulinda tofauti za vinasaba, za mwituni na za mashambani. Hatuombi hisani, tunadai lililotiwa saini.

Wewe msomaji mwenye kiwanja Zinga au Kerege, ambaye fundi amekushauri uukate mnazi mzee ulioko kwenye kona kwa sababu unazuia ukuta, nina ombi. Kama lazima ukatwe, mwite mkwezi kwanza, ateremshe nazi zilizokomaa, uziatike kivulini. Kusimama kwa mti mmoja kunaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo usiishie kwako: omba nazi kwa jirani, na kwa jirani yake, za mnazi mwembamba na mnene, za nazi kubwa na ndogo, za kijani na za rangi ya kahawia. Zipande zote pamoja, na mche usiofanana na wenzake usiung'oe.